TAHADHARI: Amplifaya ya "wati 5000" yenye fyuzi moja ya ampea 30

Wadau wa mziki wa gari, hasa mnaofuata vifaa Kariakoo au mnaoagiza kupitia Instagram mkiwa mikoani, someni hii kabla hamjatuma hela. Nimepigwa shilingi 280,000, na boksi lililonipiga bado liko sokoni.

Muuzaji ana kiduka cha ghorofani na ukurasa uliojaa picha za magari makali. Mimi nilitaka amplifaya ya kusukuma sabufa moja ya inchi 12 kwenye gari langu, Toyota IST, hilo tu. Akanitolea dude jipya, zito, limeandikwa 5000W kwa rangi ya dhahabu, na jina la kampuni ya Kijapani tunayoifahamu wote. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona herufi moja ya jina siyo yenyewe. Bei ilianzia 350,000, tukavutana hadi 280,000 pamoja na seti ya waya "ya bure". Akanijaribishia palepale kaunta, wimbo mmoja, sauti ya wastani. "Bosi wangu, hii ukiifungulia yote vioo vinatoka." Risiti ya EFD nikaambiwa mashine inasumbua mtandao, nikaandikiwa ya mkono. Hapo ningeshtuka, ila nilishapenda.

Wiki ya pili besi ikaanza kupasuka. Siku chache baadaye, nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, mziki ukazima na gari likajaa harufu ya plastiki inayoungua.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari, Ilala. Hata redio hakuigusa. Akaligeuza amplifaya ubavu, akaniambia, "Soma fyuzi, mwanangu." Nikasoma: 30. Iko moja tu. Akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha boksi: 30 mara 14.4, ambazo ndizo volti za gari likiwa linawaka. Jibu ni 432. Hizo ndizo wati zinazoweza kuingia kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika. Na zinazotoka ni pungufu, kwa sababu amplifaya za mtindo wa AB hupoteza karibu nusu kama joto, na zile za D, zenye matumizi mazuri zaidi, nazo hupoteza kiasi. Ili zitoke wati 5000 za kweli ingebidi iingie ampea zaidi ya 347. Altaneta ya gari dogo kama langu haifiki hata ampea 150.

Hiyo 5000 wanaiita MAX, namba ya kupambia boksi. Ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo mashine inatoa mfululizo bila kukoroma. Wamarekani wana kipimo chao tangu 2003, CEA-2006: wati hupimwa kwa volti 14.4, mzigo (yaani spika) wa omu 4, na sauti isiyoharibika zaidi ya asilimia 1. Ukikuta boksi limetaja kipimo hicho, angalau kuna namba ya kumbana nayo mwenye bidhaa.

Kisha tukafungua mfuniko, na hapa ndipo nilipoumia. Kwa nje amplifaya lina urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Bodi ya saketi ndani inalingana na kiganja. Kwenye sehemu iliyobaki kimegandishwa kipande cha chuma cha kuongezea uzito tu. Kapasita kubwa, yale mapipa madogo ya kutunza umeme, zilikuwa nne, zile zinazoonekana kupitia kioo cha juu na ndizo zilizonivutia dukani. Mbili hazijalehemiwa popote, zimekaa kama maua ya plastiki. Transista, vile vipande vinavyokuza sauti, ambazo zinatakiwa zibanwe kwa skrubu kwenye ukuta wa alumini wenye mapezi ili joto litoke, zimeshikizwa kwa gundi. Imelainika, zikaachia, zikaungua.

Mzee akaweka pembeni yake amplifaya la mtumba, limechubuka rangi, limeandikwa wati 60 mara 4, yaani chaneli nne. Fyuzi mbili za ampea 25. Ndani bodi imejaa kutoka ukuta hadi ukuta, koili ya duara imesukwa waya mnene wa shaba, kila transista na kibanio chake. Nimelinunua kwa 120,000, chaneli mbili tumeziunganisha kwa ajili ya sabufa, na linapiga kuliko lile la dhahabu lilivyowahi kupiga hata siku ya kwanza.

Zile waya za bure nazo msizitumie. Kwa nje zimenenepa kama kidole, ukikwangua kwa wembe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na yenyewe ni nyembamba, unene wote ni ganda. Halafu seti haikuwa na fyuzi ya upande wa betri. Fyuzi hiyo ni lazima, isizidi futi moja na nusu kutoka kwenye betri, la sivyo waya ukichubukia bodi ya gari unawasha moto.

Muuzaji nilimtumia picha za bodi. Akajibu, "Fundi wako kaiharibu kaka," akaniblock. Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia bidhaa bandia na nimepanga kwenda, ila nitafika na karatasi ya mkono isiyo na hata muhuri. Jana ndugu yangu kanionyesha ukurasa wake kwa simu yake: boksi lilelile, stika mpya, sasa hivi ni 6800W.