Kofia ya jino Dar: uchague kauri ipi?

Jino likishatibiwa mzizi, hasa gego, daktari atakushauri ulivishe kofia, yaani gamba gumu linalofunika jino lote, na hapo ndipo maswali ya bei huanza. Iwe uko Kariakoo au Masaki, uliza kwanza kofia ni ya kauri gani, ndipo mzungumze shilingi. Inaniuma kuona mtu amejinyima miezi kadhaa, halafu anavishwa asichokijua.

Kwa gego, zirkonia nzima, yaani kofia yote ikiwa ni kauri hiyo ngumu, ndiyo namba moja. Uimara wake hufika megapaskali 900 hadi 1,200 (kipimo cha mkazo ambao kitu huhimili kabla ya kuvunjika), na huhitaji unene wa milimita moja hivi, hata pungufu, kwa hiyo jino halichongwi sana. Kasoro yake ni weupe mzito usiopitisha mwanga. Zipo aina mpya zinazopitisha mwanga zaidi, ila uimara hupungua.

Jino la mbele lipewe lithiamu disilikati, ambayo madaktari wengi huiita e.max. Ni kama megapaskali 400 tu, lakini mwanga huipenya ikafanana na jino halisi. Huchomwa kwa asidi ya hidrofloriki, ikapakwa sileni, kimiminika cha kuunganisha kauri na gundi, ikagandishwa kwa gundi ya resini. Kushikana huko na jino ndiko kunakoipa nguvu mdomoni. Zirkonia haichomeki kwa asidi hiyo, hupigwa mchanga laini na kupakwa praima maalumu, yaani kimiminika cha kuishikisha na gundi. Daktari akikwambia zote anazibandika vilevile, mdadisi zaidi.

Namba tatu ni chuma kilichofunikwa kauri. Inadumu, ila kauri huweza kumeguka, na ufizi ukishuka mstari wa kijivu huonekana.

Kauri ya feldispa ni dhaifu, ibaki kwa maganda membamba yanayobandikwa usoni mwa meno ya mbele. Waliokulia Arusha na Kilimanjaro, ambako floraidi nyingi ya maji hutia meno rangi ya kahawia, huitamani sana. Wajue kwamba ganda jembamba mno huacha kahawia hiyo ionekane.

Rangi ichaguliwe kabla ya kuchonga, karibu na dirisha, mchana, jino likiwa bado na mate. Jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na kofia itakayorudi kutoka maabara haitalingana na jirani zake.

Siku ya kuvishwa utang'ata karatasi ya rangi ili sehemu iliyozidi ijulikane. Daktari akiisaga, mwombe aing'arishe palepale, kwa sababu zirkonia iliyoachwa na mikwaruzo hula jino linalokutana nayo.