Quanah Parker na Washakie: ndugu wa lugha, njia mbili

Wakomanche na Washoshone, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, walikuwa kitu kimoja zamani, na lugha zao bado zinafanana sana. Farasi ndio waliowatenganisha: walipowapata, Wakomanche walishuka kusini kufuata nyati, wakatawala tambarare za Texas na jirani zake.

Karne ya 19 jeshi la Marekani likawafikia wote. Washakie, chifu wa Washoshone wa mashariki, alichagua urafiki. Mwaka 1868 alitia saini mkataba wa Fort Bridger, na mwaka 1876 wapiganaji wake walisimama upande wa jeshi kwenye mapigano ya Rosebud.

Quanah, kiongozi wa Wakomanche ambaye mama yake alikuwa Mzungu aliyetekwa utotoni, alipigana. Septemba 1874 wanajeshi walivamia kambi kwenye bonde la Palo Duro. Watu wengi walitoroka, lakini zaidi ya farasi 1,000 walipigwa risasi makusudi. Mkomanche bila farasi anawinda nini? Juni 1875 Quanah alijisalimisha kwenye ngome ya jeshi ya Fort Sill.

Utadhani rafiki alifaidi. Ardhi, ndiyo: Washoshone bado wako Wind River, Wyoming, ilhali ardhi waliyotengewa Wakomanche huko Oklahoma iligawanywa vipandevipande na kufunguliwa kwa walowezi mwaka 1901. Lakini mwaka 1878 serikali iliwaleta Waarapaho, kabila jingine, mahasimu wa Washakie, wakae hapohapo Wind River. Wapo mpaka leo. Kwangu mimi, huo urafiki ulikuwa wa upande mmoja.