Duka la dawa za mifugo Sakina: daktari kaanza kuuliza jina

Wenye mbwa na paka Arusha njooni mara moja, nataka niwaambie kuhusu duka dogo la dawa za mifugo hapa Sakina, lina daktari nyuma kwenye kachumba, nimeenda Jumamosi kumchanja mbwa wangu kichaa cha mbwa na nimerudi nimefurahi kweli.

Huyu mbwa si nilimrithi kwa jirani aliyehama, na yule jirani alikuwa na ugomvi na nusu ya mtaa ndo akampa mbwa jina Hasidi, yaani kila jioni anasimama getini anaita "Hasidi! Hasidi njoo ule!" na mnajua anamwambia nani. Mimi nikabaki na mbwa na jina lake. Nikimuita, mama wa nyumba ya pili ananinunia, na mbwa mwenyewe hana kosa lolote, mpole hatari. Mwaka jana nilimpeleka sehemu nyingine (siitaji) kwenye kadi wakaandika tu "mbwa, dume, wa kienyeji", pa jina wakaweka kistari. Iliniuma.

Sasa huyu daktari kabla hata hajagusa sindano kauliza anaitwa nani. Nikaona aibu, nikamwambia. Hakucheka. Akainama mpaka usawa wa meza, mbwa anatetemeka kucha zinagonga bati, akamuita taratibu, "Hasidi... Sidi... Sidi", nikaona sikio moja limesimama halafu mkia ukaanza. Akaniambia mbwa anashika sauti, maana ya jina ni mambo yetu sisi watu, kwa hiyo kata mbele ubaki na Sidi, wiki za mwanzo muite yote mawili huku unampa kipande cha nyama, na usimuite jina jipya ukiwa unamgombeza. Leo siku ya nne, anaitika Sidi kutoka nyuma ya nyumba kabisa!

Na paka msiwadharau, Atsuko Saito na wenzake Japani walichapisha utafiti 2019 kwamba paka wa nyumbani anatofautisha jina lake na maneno mengine, kuja ndo anaamua mwenyewe. Halafu hapa kwetu Gombe, Jane Goodall alipoanza kazi 1960 aliwapa sokwe majina wakati wasomi wengi walitaka namba, na yule aliyemuona anavua mchwa kwa jani la nyasi alikuwa na jina lake, David Greybeard. Mimi naamini ukishampa mnyama jina unaanza kumwangalia vizuri, unajua huyu leo hajala, huyu anachechemea.

Bei, nimetoa 15,000 chanjo pamoja na dawa ya minyoo, sawa tu. Shida ni foleni, benchi liko nje juani na Jumamosi wanajaa watu wa kuku na ng'ombe, nimekaa karibu saa nzima, wangeweka hata turubai. Nendeni katikati ya wiki asubuhi, mbebe kadi ya zamani maana chanjo inarudiwa kila mwaka na anaangalia tarehe kweli. Ya kwangu kaandika upya, pale penye kistari sasa pameandikwa Sidi, kwa wino wa bluu.