Have I Been Pwned: Huduma Inayomfaa Mwanafunzi wa Usalama wa Mitandao
Nikiwa mwanafunzi wa usalama wa mitandao hapa Kampala, habari za udukuzi hunijia kwa wingi kuliko bando langu linavyoruhusu, lakini huduma hii, aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, hunionyesha bila malipo kama anwani yangu ya barua pepe imo katika data zilizovuja. Kilichonivutia zaidi ni ukaguzi wa nywila: kivinjari hukokotoa heshi ya SHA-1 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na nywila), hutuma alama 5 za mwanzo wa heshi hiyo tu, kisha ulinganisho na heshi za nywila zilizovuja hukamilishwa kwenye kompyuta yako, hivyo nywila yenyewe haisafiri (somo ambalo darasani lilinitoa jasho). Hata hivyo, uvujaji ambao data zake hazijaifikia huduma hii hutauona humo.