Rosa Mistika: riwaya ya kusomwa na akina baba kwanza

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Mwanza. Nakala yangu nimeinunua kwa muuza vitabu vya mtumba: jalada limegundishwa, kurasa zote zimo.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliitoa riwaya hii mwaka 1971, miaka 10 tangu uhuru. Kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba ni chafu. Chafu wapi? Kinachotisha humu ni Zakaria, mwalimu wa zamani aliyezama kwenye pombe, anavyompiga bintiye kwa sababu ya barua kutoka kwa kijana Charles. Ukurasa ule ulinishinda, nikaweka kitabu chini kwanza. Rosa anakua akiwaogopa wavulana, halafu anatupwa bweni huku Mwanza bila kuambiwa lolote kuhusu mwili wake wala ulaghai wa wanaume. Mwandishi anatuonyesha hatua kwa hatua jinsi ukali ule ulivyomwandaa binti kuanguka. Wasichana wa namna hiyo nawapokea kliniki, wanajibu maswali wakitazama sakafu.

Na wanaomchezea Rosa si wahuni wa vijiweni. Ni wasomi, watu wa serikali, hadi mkuu wa chuo cha ualimu Morogoro. Mkoloni kaondoka, viti vimepata wenyewe wapya, na mtoto wa mkulima bado hana wa kumsemea. Kwa riwaya ya wakati ule, huo ni ujasiri mkubwa.

Nina ugomvi na Kezilahabi kwa mambo mawili. Regina, mama yake Rosa, tunaona anavyoteseka, lakini anachowaza hatukisikii vya kutosha. Pili, Rosa anajirekebisha, anajitegemea, kisha Charles anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Kwa nini asiachwe aishi? Mwanamke aliyekosea akaendelea na maisha yake, akafundisha watoto, akazeeka, ndiye ninayemtafuta kwenye fasihi yetu, na ndiye ninayekutana naye kila siku sokoni na kanisani.

Lugha ni nyepesi, kitabu si kinene. Nakipa nyota nne kati ya tano. Nakala yangu sasa inakwenda kwa kaka yangu. Binti yake anaanza kidato cha kwanza Januari, bweni.