Dakika 32 zilizonilia siku nzima

Miezi kadhaa iliyopita nilitumia tovuti moja, ambayo sitaitaja, inayokokotoa umbali na muda wa safari kati ya viwanja vya ndege. Nilichagua viwanja viwili vidogo vya mikoani, na jibu likaja kwa herufi nene: kilomita 430, muda wa safari dakika 32. Hapakuwa na neno “takriban” wala tanbihi yoyote, nami kwa wepesi wangu wa kuamini nikamwahidi mjomba kwamba nikiondoka saa mbili asubuhi, saa tatu tungekuwa tunakunywa chai.

Chai hiyo tuliinywa saa mbili usiku. Kati ya viwanja hivyo hakuna ndege ya moja kwa moja hata kwa wiki mara moja, hivyo ilinibidi niruke kwanza hadi uwanja mkubwa ulioko upande usiokuwa wangu kabisa, nikae hapo mchana kutwa, kisha ndipo nipande ndege ya pili.

Kilichoniudhi zaidi ni pale nilipogundua dakika 32 zilikotoka. Gawanya kilomita 430 kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa na utazipata: wamechukua mwendo wa ndege ya jeti ikiwa imekwisha kutulia angani, wakautumia kwa kila njia duniani. Njia fupi za mikoani mara nyingi huhudumiwa na ndege za mapangaboi kama ATR 72, ambazo mwendo wake angani ni kama kilomita 500 kwa saa, na kwa mwendo huo tu tayari ni dakika 52, kabla hujahesabu kutambaa ardhini, kupanda, kushuka, upepo wa mbele na kusubiri ruhusa ya mnara. Hata hiyo jeti yao, kwa masafa mafupi namna hiyo, ingeanza kushuka muda mfupi tu baada ya kumaliza kupanda. Ratiba ya shirika la ndege huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine, na huo ndio muda ambao abiria anauulizia.

Niliwaandikia kwa adabu, nikaeleza yote haya. Jibu lilikuwa mstari mmoja, bila salamu: “Huenda hukuelewa maana ya umbali.” Umbali! Mimi nililalamikia muda, wao wananifundisha umbali.

Nikiwa na hasira hiyo nilichukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili nikakokotoa mwenyewe tao fupi kabisa juu ya uso wa dunia, kwa nusu kipenyo cha kilomita 6,371, nikitumaini kuwakamata hapo pia. Sikuwakamata. Tofauti yetu haikufika kilomita tatu, na lazima nikiri kwamba katika hilo kazi yao ni safi. Hata wiki iliyopita nimeirudia tovuti hiyohiyo kupima njia nyingine, dakika nikizifunika kwa kidole gumba.

Nilikuwa nimekusudia kutowapa nyota hata moja. Kwa ajili ya zile kilomita nawapa mbili. Ila nimeusoma tena ule mstari wao sasa hivi, na moja naichukua.