Neti ya zipu ya mtoto, huu mwezi wa nne naitumia

Jamani wamama wenzangu, hii neti ya mtoto inayofunguka kama hema, ile ukiitoa tu kwenye mfuko inaruka inasimama yenyewe, nilichukua Kariakoo mtaa wa Kongo elfu 35, walianzia 45 nikabembeleza wee wakashuka.

Mwanangu ana mwaka na miezi 10. Mtoto wa umri huu anatakiwa alale masaa 11 mpaka 14 kwa siku ukijumlisha na kausingizi ka mchana, sasa wangu kabla ya neti hii, saa nne usiku ndo kwanza alikuwa anadai maji, mara kojo, mara simu ya baba yake, na akikubali kulala lazima ashike sikio langu, ukijitoa pole pole huyo kashtuka unaanza upya.

Ilivyofika siku ya kwanza kaingia mwenyewe, kakaa kati, kasema "umba angu". Basi. Tangu hapo ikigonga saa mbili ameshaoga na kupakwa mafuta, anaburuza kanga yangu kuukuu anapita sebuleni kuaga, baba yaya cayama (lala salama), dada yaya cayama, feni yaya cayama, friji nalo halisahauliki, halafu anaingia na kuvuta zipu mwenyewe ulimi uko nje, ikikwama hataki umsaidie hata iweje. Sikio langu limepona, siku hizi anasugua pindo la kanga kati ya vidole viwili, vidole vinapunguza mwendo, vinapunguza, vikisimama ujue kashalala, kifudifudi, magoti kayakunja tumboni na makalio juu. Mimi nasimama pale namwangalia tu, kazi za jikoni zinanisubiri.

Ila kuna kitu kimeniuma. Muuzaji aliniapia neti ina dawa, haina. Wiki ya pili asubuhi nakuta kisigino chake kina alama 7 za mbu, kumbe anajiviringisha mpaka mguu unagusa neti na mbu wanamuuma wakiwa nje. Na mbu wa malaria ni wa usiku, hapo hakuna mchezo. Ile neti tunayopewa kliniki mtoto akichanjwa surua ya miezi 9 yenyewe ina dawa kwenye nyuzi, mbu akitua anaipata. Kwa hiyo akishazama usingizini nashusha ile ya kliniki juu ya kitanda kizima, feni inazunguka, anakuwa na nyumba mbili. Tafadhali msiitegemee hii ya zipu peke yake, na ile ya dawa mkiifua anikeni kivulini, jua linaua dawa.

Zipu yenyewe nyepesi, mwezi wa pili meno yaliachia, fundi cherehani akaniwekea nyingine kwa 2,500, bora uivute mara kumi hapo hapo dukani kabla hujatoa hela. Kuikunja irudi mfukoni unaizungusha kama unaandika namba nane, ukiizoea ni dakika moja.

Ningenunua tena? Ndio, kesho asubuhi. Tulienda nayo Tanga kwa bibi yake, nyumba ngeni, giza geni, nikajua leo hatulali. Nikaifungua juu ya godoro, kaingia na kanga yake. Bibi akafungua zipu kidogo kumchungulia, akaambiwa, "Bibi, funga mango."